Kuku wa Kishingo wa Bi. Rukia

Kabla hujamtia kuku mgonjwa kitu chochote mdomoni, mshike shingo kwanza. Sisemi umkabe. Mshike pale chini, shingo inapokutana na kifua, ubonyeze taratibu kwa vidole viwili. Pana kifuko pale. Kila anachomeza kuku hukaa humo kabla hakijashuka tumboni. Kikiwa kitupu, hutashika kitu ila ngozi iliyolegea. Kikiwa kimejaa na kigumu, weka chini bakuli lako, na huruma yako uiweke chini pamoja nalo, kwa sababu hapo chakula ndicho kitakachomuua.

Nimeanzia hapa, wanangu, nyinyi mnaotoka vyuoni na makoti meupe yenye mikunjo ya dukani, ili mkinichoka katikati ya habari angalau hili muwe mmelibeba. Mimi ni mtu wa maneno mengi. Jina langu Dama, mzaliwa wa Rabai, na maisha yangu yote ya kazi nimeyamaliza kisiwani Mombasa, nikiwa msaidizi wa daktari wa mifugo. Watu waliniita daktari. Mwanzo nilikuwa nikikataa, kisha nikaona kukataa kunachukua muda mrefu kuliko kumtibu mbuzi, nikaacha.

Mtu akisikia nilifanya kazi ya mifugo mjini huniuliza ni mifugo gani hiyo, ya kula lami? Basi kisiwa hiki kina mifugo mingi kuliko mnavyodhani. Wako mbuzi wanaojua duka la mboga linafunguliwa saa ngapi. Wako ng'ombe wa maziwa nyuma ya kuta, ambao jirani hajui kama wapo mpaka upepo ugeuke. Na kuku ndio hawasemeki. Miaka mingi kituo changu kilikuwa Makupa, malori yanapoingia kisiwani kutoka bara, na kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kuwatazama kuku ndani ya matenga kabla hawajapelekwa sokoni. Pale kuku hana jina. Unatazama macho, unatazama kinyesi, unatazama nani amesimama na nani amelala, kisha unalipungia mkono lori lipite.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mtaita mmoja mrefu, Bwana Mwakio, mtu wa kanisa na mtu wa utani kwa pamoja. Viganja vyake vilikuwa vipana kama sinia, na kabla hajamgusa mnyama alivisugua mpaka vikapata moto. "Wewe ungependa ushikwe na mikono ya baridi ukiwa na homa?" aliniuliza siku ya kwanza, nami niliyekuwa nimeshanyoosha mkono nikaurudisha mfukoni.

Yeye ndiye aliyenionyesha tundu la pumzi. Mfungue kuku mdomo kwenye mwanga, utaona nyuma ya ulimi kijitundu kinachofunguka na kufumba. Humo hupita pumzi peke yake. Tone la maji likikosea njia likaingia humo, linakwenda mapafuni, na kuku aliyekuwa na njaa tu anazama juu ya nchi kavu. Kwa hivyo usimmiminie. Weka tone moja ubavuni mwa mdomo, karibu na ncha, ungoje. Akiinua kichwa akameza, weka la pili. Nimelichungulia tundu hilo miaka yote, na kila mara mwili umenisisimka. Uhai wote wa kiumbe unapita mahali padogo kama punje ya mtama, napo panafunguka na kufumba bila kuambiwa na mtu.

"Dama," Mwakio alikuwa akiniambia, "wewe humlishi. Wewe unamwomba ale."

Nilidhani ni utani wake ule ule. Nilikuja kumwelewa baadaye sana, naye alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao milimani.

Siku zile tulitumia unyoya. Unachovya unyoya safi majini, unauinua juu ya mdomo wa kuku, tone linadondoka lenyewe. Kisha tukaanza kutumia bomba la sindano, lile lenyewe bila sindano yake. Ni zuri kwa sababu linakuonyesha umempa kiasi gani, na ni baya kwa sababu kidole kisicho na subira kinasukuma yote mara moja. Na sasa kuna simu. Mtu ananitumia picha ya kuku, ameipiga kwa mbali kana kwamba ni bwana harusi, na chini ameandika, "Anaumwa nini?" Nami humjibu kwamba picha haina shingo ya kushika.

Wala msidhani kila kuku anayesusa chakula ni mgonjwa. Mama mmoja wa Kizingo, kwenye zile nyumba za miti mikubwa na mageti, aliwahi kuniita kwa jogoo wake aliyekuwa akikonda. Nilimshika shingo, kifuko kitupu. Macho mazima, kinyesi kizuri, sauti ya kuamsha mtaa. Lakini kila alipofika kwenye bakuli alisimamisha manyoya na kurudi nyuma kwa hasira. Nikachuchumaa pale alipokuwa amesimama yeye. Bakuli lilikuwa jipya, la chuma cha kung'aa, na ndani yake mlikuwa na jogoo mwingine. Nikaomba sahani kuukuu ya plastiki, nikamwaga mtama, na jogoo akala mpaka akapiga kwikwi. Yule mama alinitazama kama mganga. Sikumweleza upesi, maana si kila siku mtu hutazamwa hivyo.

Lakini nimekaa kuandika haya kwa sababu ya kuku wa Bi. Rukia.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Bi. Rukia alikuwa mjane mtu mzima sana, anayekaa peke yake Kuze, katika vichochoro vya Mji wa Kale ambavyo gari haliingii, na ukikutana na mkokoteni mmoja wenu hana budi kurudi nyuma. Nyumba aliyokaa ndiyo aliyozaliwa ndani yake. Chumba chake kilikuwa juu, na ngazi za kufika huko zilikuwa za mawe, nyembamba, zimepanda wima. Binti yake wa pekee, Zainabu, alikaa Kizingo na mumewe, nyumba ya chini isiyo na ngazi hata moja, yenye bustani, na chumba cha mama kilikuwa kimeshatandikwa. Alimbembeleza mamake ahamie huko mpaka maneno yakamwishia. Kisha Bi. Rukia akateleza ngazini, akalala pale chini akigonga ukuta kwa bangili mpaka jirani akasikia. Alipona, ila alibaki akichechemea na mkongojo.

Kuku wake alikuwa Johari. Alikuwa wa kishingo, wale ambao shingo haina manyoya, nyekundu tupu, na Mungu anisamehe, hakuwa kuku wa kupendeza macho. Lakini alipanda ngazi zile nyuma ya Bi. Rukia kila jioni, akiruka moja baada ya nyingine, akalala kikapuni miguuni mwa kitanda. Asubuhi wakishuka pamoja. Bi. Rukia akikuna nazi, Johari alikaa mbele ya mbuzi ya kukunia akingoja machicha.

Siku niliyoitwa, nilifika nikakuta viatu vimejaa mlangoni. Nikajua pana msiba, nikaanza kutafuta maneno ya kumpa mkono mfiwa. Nikapiga hodi.

"Karibu, daktari, pita ndani," sauti ikaniitikia. "Ndoo hapa umtazame mgonjwa."

Ndani wanawake wa mtaa wamekaa mkekani, wamezunguka mto, na juu ya mto huo Johari amelazwa, amefunikwa kanga mpaka mabawani. Aliyenikaribisha alikuwa Bi. Fatma, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye ndiye aliyesikia zile bangili. Mbele yao palikuwa na bakuli la uji, mkate wa mofa uliolowekwa maziwa, wali wa nazi, na tambi za sukari. Mnajua Kuze mtu haendi kumtazama mgonjwa mikono mitupu. Na ukishampelekea kitu, hutulii mpaka umemwona amekionja.

"Hali kitu, maskini," Bi. Fatma alinieleza. "Siku zote hizi twamlisha sisi, kwa zamu. Huyu akitoka, yule yuaingia. Na tazama shingo ilivyomfura. Twaona ni jipu."

Kwa kuku mwenye manyoya uvimbe ule ungefichika. Kwa Johari ulikuwa wazi, umesimama pale chini ya shingo kama ndimu. Nilivisugua viganja vyangu, nikashika. Ulikuwa mgumu.

"Bi. Fatma," nikasema, "hili si jipu. Hili ni uji wako."

Bi. Fatma akalisogeza bakuli lake nyuma ya mgongo.

"Na mofa ni ya nani?"

"Yangu," mama mmoja akaitikia kwa sauti ndogo, akajivuta nyuma.

Mambo yalikuwa hivi. Ilikuwa kaskazi, joto lile la kutolea watu roho, na Johari alikuwa akibadilisha manyoya. Kuku akiwa katika hali hiyo hupunguza kula, ni kawaida yake, na angeachwa angerudi mwenyewe. Lakini Bi. Rukia aliona amebakisha machicha, akamwambia Bi. Fatma, Bi. Fatma akaambia mtaa. Mtaa ukaja na mabakuli. Kila mmoja alimfungua mdomo akamtia kidogo, na kile kidogo cha kila mmoja kikakutana na cha mwenzake ndani ya kifuko, kikaumuka, kikaganda. Hapo sasa Johari akaumwa kweli. Kwa kuwa aliumwa, wageni waliongezeka. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, maana kuku alikuwa anauawa na mapenzi ya watu wema.

Niliamuru asipewe chakula kabisa. Nikampa matone ya maji ya uvuguvugu na mafuta kidogo ya nazi, nikakipapasa kile kifuko kama mtu anayelainisha donge la unga, polepole. Wala msije mkamgeuza kuku kichwa chini ili atapike. Wengi wamewaua kuku wao hivyo. Nilipokuwa nikifanya haya Bi. Rukia alikuwa ameketi kitini, mkongojo magotini. Kisha akasema.

"Daktari, nikwambie neno. Huyu akifa, mimi nahama. Nimeshamuahidi Zainabu. Maadamu Johari yu hai, siondoki nyumba hii. Siku akinifia, nitatoka na kanga yangu moya nende Kizingo, na sitabishana na mtu."

Nikainua macho, nikamwona Zainabu amesimama mlangoni, ametoka kazini, funguo za gari mkononi. Alikuwa amesikia. Uso wake ulikuwa umetulia, sikuweza kuona kilichokuwa nyuma yake.

Niliwaonyesha jinsi ya kumpa matone. Bi. Rukia alilishika bomba, lakini mkono ulimtetemeka mpaka maji yakamwagikia kanga. Akajaribu tena, yakamwagika tena. "Mikono hainitii," akasema, akalirudisha. Bi. Fatma akajitolea, na mkeka mzima ukamtazama, akajitoa.

"Nionyeshe mimi," Zainabu akasema.

"Wewe waogopa kuku tangu mtoto," mamake akamwambia. "Ukimwona huyu wapanda kitini."

"Naogopa mdomo wake, mama. Kwingineko simwogopi."

Nikamfundisha. Nikamwonyesha tundu la pumzi, naye akalitazama kwa muda mrefu, akauliza kwa upole kama linamuuma akilifunua. Nilitoka pale na wasiwasi, nawaambia kweli. Sikumdhania ubaya. Lakini nilimjua mtu aliyechoka kumbembeleza mzazi, anayeruka usingizini kila simu inapolia, na sasa mlango umefunguka mbele yake bila yeye kuusukuma. Hakuhitaji kufanya kitu. Kuchelewa kidogo kulitosha, au tone moja kubwa.

Kifuko kilishuka. Nilikishika asubuhi moja nikakuta ngozi tupu, nikamwita Bi. Rukia aje ashike na yeye, tukafurahi kama watu walioona mwezi. Lakini furaha haikudumu. Johari alikuwa amelegea. Hamu ya kula ilikuwa imemtoka kabisa. Ukimwekea mtama aliutazama kana kwamba ni kokoto. Alikaa amefumba macho, kichwa kimezama mabegani, na mfupa wa kifua ukaanza kujitokeza kama ukingo wa kisu. Hapo ndipo kulisha kwa mkono kunapoanza hasa, na hapo ndipo watu wengi hushindwa, kwa sababu ni kazi isiyoonyesha matunda. Kiini cha yai kilichokorogwa na maji. Uji mwepesi wa mtama uliochujwa. Maji ya tikiti. Tone, kungoja, tone, kungoja, kisha shingo uishike uone kama kimeshuka, ndipo umpe tena.

Zainabu alikuja kabla ya kazi, akaja adhuhuri, akaja jioni. Aliacha gari nje ya vichochoro akatembea. Nami nikipata nafasi nilipita. Kila nilipomshika Johari nilimwona mwepesi zaidi, na mwisho nikawaambia wajiweke tayari. Bi. Rukia akaitikia, "Amri ya Mungu." Zainabu alikwenda kuosha bomba.

Asubuhi iliyofuata nilipita mapema kabla ya kwenda Makupa. Kwa kweli nilikwenda kumzika kuku. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, sikupiga hodi kwa nguvu nisije nikamwamsha Bi. Rukia, ambaye hulala kidogo baada ya sala ya alfajiri. Nikasukuma, nikachungulia.

Zainabu alikuwa chini, juu ya mkeka, na nguo zake za ofisi. Johari alikuwa mapajani mwake ndani ya kanga. Zainabu hakujua kwamba nipo. Aliliweka bomba kando, akasugua viganja vyake, akavisugua tena mpaka vikapata moto, kisha akavifunika juu ya mgongo wa kuku. Sikumfundisha hilo mimi. Wala Mwakio hakumfundisha, hawakuwahi kuonana. Nilisimama pale nikiwa nimeshika komeo, mwili wote umenisisimka.

"Kidogo tu, Johari," alikuwa akisema. "Hili la kwanza. Haya, meza. Sina haraka mimi, gari imezimwa."

Akaweka tone ubavuni mwa mdomo. Akangoja. Mimi nilingoja. Kichwa kikainuka kidogo sana, tone likapita. Hapakuwa na mtu wa kumwona. Mamake alikuwa juu, jirani alikuwa kwake, na mimi nilikuwa nimeshawaambia kuku anakufa. Angeweza kukaa kitini na kumwacha aende zake, na hakuna ambaye angemlaumu.

Niliingia nikaketi kando yake. Nikamuuliza jambo lisilonihusu, maana ndivyo nilivyo.

"Zainabu, mwanangu, wajua ukimponya huyu, mamako hatoki humu."

"Najua."

"Na zile ngazi?"

Alingoja Johari ameze ndipo akanijibu. "Naziogopa kila siku. Simu ikiita na jina ni la mtu wa Kuze, mikono yanifa ganzi. Lakini mama akija kwangu kwa sababu Johari amekufa, atakuwa amekuja kufiwa. Atakaa kile chumba kama mtu aliye matangani, na kila akiniona ataniona mimi ndiye niliyekuwa nikingoja." Akaweka tone jingine. "Nataka aje kwa kupenda. Asipopenda, basi nitakuja mimi. Mbona siku hizi naja?"

Juu kwenye ngazi nikasikia mkongojo ukigusa jiwe mara moja, kisha kimya. Sijui Bi. Rukia alikuwa amesimama pale tangu lini, na sikuwahi kumuuliza.

Nimeshika kuku wengi, wanangu, malori kwa malori. Asubuhi ile nilijiona sijui kitu. Nilikwenda kazini nikitembea kwa adabu, kama mtu aliyetoka kanisani.

Johari hakufa. Siku hiyo hakufa, na iliyofuata alifumbua macho nilipoingia. Kisha ikaja siku ambayo Zainabu alinipigia simu analia kwamba mambo yameharibika, kuku hataki tena hata tone, anapiga kichwa pembeni, na amemdonoa mkono mpaka umemtoka damu. Nilicheka pale pale Makupa mbele ya madereva. Sikilizeni, hili mliweke akilini. Kuku anayekunyima mdomo amepata nguvu ya kukunyima. Huyo usigombane naye. Hapo ndipo unapoacha bomba, unamwacha asikie njaa yake mwenyewe, kisha unamwomba.

Nikamwambia asimpe kitu mpaka nifike. Nilipofika alasiri, viatu vilikuwa vimejaa mlangoni tena. Bi. Fatma alikuwa na kitu chini ya buibui, na harufu ya mofa ilimsaliti, lakini hakukitoa. Nikamwambia Zainabu aweke punje chache za mtama kiganjani, akae chini, na kwa kidole cha mkono wa pili agonge gonge kati ya zile punje. Ndivyo mama kuku anavyowaita vifaranga wake. Hata kuku mzee akikiona kidole kikidonoa, kuna kitu ndani yake kinakumbuka.

Zainabu alifumba macho, akageuza uso upande kama mtoto anayechomwa sindano, lakini kiganja hakukifunga. Johari akasimama. Akakitazama kiganja kwa jicho moja, akageuza kichwa akakitazama kwa jicho la pili. Hatua moja. Akadonoa pete. Zainabu akaguna, hakuondoa mkono. Kisha akadonoa punje moja, akaiangusha, akaifuata.

Akala. Nimesikia sauti nyingi katika kazi hii, na sijui nyingine iliyonijaza moyo kama ile ya mdomo wa kuku juu ya kiganja cha mtu, tap, tap, hafifu namna ile. Na kwa kuwa shingo yake ilikuwa tupu, sote tuliona. Punje ilipita ndani ya ngozi, ikashuka, ikatua, na ya pili ikaifuata, na pale palipokuwa pamelegea pakaanza kutuna kidogo kidogo. Chumba kizima cha wanawake wa Kuze, wote wameinama kutazama. Mama mmoja alikuwa ameshika mdomo wake kwa upindo wa leso. Mimi, mtu wa kanisani, nilisema Alhamdulillahi kabla hawajasema wao.

Bi. Rukia aliinuka kitini kwa mkongojo wake, akaenda mpaka kwa binti yake, akaushika ule mkono akaugeuza kwenye mwanga. Ulikuwa na alama nyekundu, nyingine mpya na nyingine zimeshakauka.

"Waumia?"

"Kidogo, mama."

"Ashaujua mkono wako." Akaendelea kuutazama. "Kizingo kuna paka?"

"Wapo wawili watatu wa jirani. Lakini kuna ukuta."

"Basi mfanyie banda karibu na dirisha langu."

Zainabu akamwinulia uso, asielewe. "Dirisha lako, mama? Lipi?"

"La kile chumba ulichonitandikia," Bi. Rukia akasema. "Au mumeshakipangisha?"

Ahadi ilikuwa kwamba atahama Johari akifa. Alihama Johari akiwa hai, anakula machicha mpaka anafukuzwa. Nilikwenda kuwasindikiza, kwa kisingizio cha kumkagua mgonjwa. Mizigo ilikuwa imetangulia kwa mkokoteni, na kwa kuwa gari haliingii, walitoka kwa miguu. Zainabu mbele, Johari kwapani mwake, shingo nyekundu imechomoza ikitazama huku na huku. Bi. Rukia nyuma yake, kwa mkongojo, akisimama kila mlango kuagana.

Na kila mlango mtu alikuwa ameketi barazani na kitu mkononi, cha njiani. Bi. Fatma alisubiri wa mwisho, macho mekundu, amekata kipande cha mahamri kidogo kabisa. Akakinyoosha moja kwa moja kuelekea mdomo wa Johari, na mkono wa kushoto umeshaandaa kuufungua.

"Fatma," Bi. Rukia akasema. "Mshike shingo kwanza."

Bi. Fatma akashika, kwa vidole viwili, taratibu. "Pana nafasi," akasema.

"Haya, basi kitie kiganjani. Akitaka, atakula mwenyewe."

Bi. Fatma akakunjua kiganja, akakiweka kile kipande katikati. Johari akakitazama kwa jicho moja, kisha akageuza kichwa akakitazama kwa la pili, na mtaa mzima ukasimama kumngoja.